Majina ya Bibi Zetu Yasiwekewe Kufuli

Nilipokuwa mwaka wa pili nilikwenda likizo upande wa Kasenga, kwa jamaa za mama yangu. Mjomba wangu, yule tunayemwita *yama* kwa Kibemba, alikuwa na daftari la shule lenye jalada la buluu. Ndani yake ameandika ukoo wetu kwa vizazi saba: nani alizaliwa na nani, nani aliolewa wapi, nani alivuka Luapula asirudi tena. Aliniruhusu kulinakili. Nilirudi Lubumbashi, na pamoja na wanafunzi wawili wa fakulte tukaliandika lote kwenye ukurasa wa intaneti usiolipiwa, ili jamaa walioko mbali walisome na walisahihishe. Hatukulipwa, wala hatukumlipisha mtu.

Mwaka jana, binti wa mama yangu mdogo anayeishi Ndola aliniandikia. Alikuwa ametafuta jina la ukoo, akaletwa kwenye tovuti ya kampuni moja ya nje. Majina yetu yalikuwa pale, lakini mistari mitatu ya kwanza tu. Ili kuona iliyobaki alitakiwa kulipa ada ya kila mwezi, kwa dola na kwa kadi ya benki. Akaniuliza kama sisi ndio tuliouza.

Nilijuaje kwamba ni kazi yetu, si daftari jingine? Kwa sababu ya kosa. Tulipokuwa tukiandika, fomu ya ule ukurasa wetu ilidai kila mtu awekwe mwanamume au mwanamke. Ninyi mnaosoma lugha zetu mnalijua tatizo. Kibemba, kama Kiswahili, hakitofautishi "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume, na majina kama Mulenga au Chanda hupewa mtoto yeyote. Bibi mmoja wa kizazi cha nne tukamwandika kuwa mwanamume. Mjomba alituambia, tukasahihisha baada ya wiki mbili. Lakini kwenye tovuti ya kampuni yule bibi alikuwa bado mwanamume. Walichukua ukurasa wetu katika wiki zile mbili, na hawakurudi tena.

Msomaji asiyejua ukoo wa upande wa mama anaweza kusema kwamba hilo ni dogo. Si dogo. Kwetu *mukowa*, yaani ukoo, hupita kwa mwanamke. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ukimgeuza bibi kuwa mwanamume, umekata kamba: watoto wake wote, na watoto wa binti zake, wanatolewa nje ya ukoo. Kuna watu wazima zaidi ya thelathini ambao kwa mujibu wa tovuti ile si jamaa zetu. Kesho kukiwa na mabishano ya shamba au ya kurithi jina, mtu anaweza kuja na karatasi iliyochapwa na kusema, "Tazameni, imeandikwa." Nilipomweleza mjomba, hakuuliza habari za pesa. Aliuliza jambo moja: "Sasa mpwa wangu, nikitaka kulisahihisha, nimwendee nani?"

Nimeandika makala hii kwa sababu ya swali hilo. Hapa fakulteni tunakusanya nasaba, hadithi, methali na orodha za maneno kila mwaka. Nyingine zinaishia kwenye memwari ambazo hazifunguliwi tena. Nyingine, na ni jambo jema, zinaanza kuwekwa kwenye intaneti bila malipo. Maoni yangu ni kwamba lazima tuendelee kuziweka bila malipo, lakini tuache kuziweka bila masharti.

Jambo lililotupata si geni. Marekani ndiko kurasa za nasaba za bure zilikoanza kwa nguvu. Mwaka 1995 Jim Tipton alianzisha Find a Grave, ambako watu wa kujitolea huweka picha na maandishi ya makaburi. Mwaka 1996 ulizaliwa mradi wa USGenWeb: watu wa kujitolea waligawana wilaya kwa wilaya, wakanakili kwa mkono daftari za ndoa, orodha za sensa na mawe ya makaburi, kwa ahadi kwamba mtu yeyote atasoma bila kulipa. Walifanya kazi ambayo hapa tungeiita salongo: kila mmoja anakuja na jembe lake.

Mwezi Agosti 2007 kampuni iliyokuwa ikimiliki Ancestry ilitangaza mkusanyo mpya ulioitwa Internet Biographical Collection. Programu zake zilikuwa zimezunguka kwenye intaneti, zikanakili kurasa za watu zenye habari za maisha na nasaba, na nakala hizo zikawekwa ndani ya uzio wa wanachama wanaolipa. Watu wakakuta kazi zao za usiku na za Jumapili zimekuwa sehemu ya bidhaa. Kelele zilikuwa kubwa. Kampuni kwanza iliufungua mkusanyo ule usomwe bure, kisha ndani ya siku chache ikauondoa kabisa.

Nayachukua mafunzo mawili. La kwanza: hakuna hakimu aliyeuondoa mkusanyo ule. Uliondolewa na wingi wa watu waliosema kwa sauti moja. La pili: waliweza kusema kwa sauti moja kwa sababu walikuwa na jumuiya, walijuana, na kazi zao zilikuwa na majina na tarehe. Sisi watatu na ukurasa wetu mmoja tulimwandikia barua pepe mtu tusiyemjua, na hadi leo hatujajibiwa.

Je, sheria haiwezi kutusaidia? Inaweza kidogo, na ni afadhali tujue ni kidogo kiasi gani kabla ya kuitegemea. Haki ya mtunzi hulinda namna ya kusema. Haimilikishi ukweli wenyewe. Kwamba fulani alizaliwa na fulani ni jambo la kweli, na jambo la kweli halina mtunzi. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hivyo waziwazi mwaka 1991 katika kesi ya Feist dhidi ya Rural. Kampuni ya simu ya Kansas ilikuwa imechapisha kitabu cha majina na namba za wateja. Kampuni nyingine ikavinakili. Ile ya kwanza ilijua imenakiliwa kwa sababu ilikuwa imetia ndani majina machache ya uongo, na manne kati yake yakatokea kwenye kitabu cha mwenzake. Kosa letu lilitufanyia kazi ileile bila sisi kukusudia. Hata hivyo mahakama ilisema: jasho peke yake halizai haki ya mtunzi. Orodha ya majina kwa alfabeti ni ya kila mtu.

Ulaya ilifuata njia nyingine. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1996 yanampa aliyegharamia mkusanyo wa data ulinzi wa miaka 15, hata kama yaliyomo ni mambo ya kweli tu. Lakini ulinzi huo ni wa waundaji walio raia au wakazi wa Ulaya, na wa kampuni za huko. Mjomba wangu wa Kasenga hamo. Hapa kwetu tuna sheria ya haki za watunzi ya mwaka 1986, na tangu Machi 2023 tuna Kanuni ya Dijitali, ambayo inagusa data za watu. Hiyo ya pili ni muhimu kwa majina ya walio hai. Lakini nasaba kwa sehemu kubwa ni majina ya wafu, na wafu hawapeleki mashtaka.

Kwa hiyo wengine huamua kufunga. Nimewasikia wenzangu wakisema, "Basi tusiweke kitu tena kwenye intaneti." Ninaielewa hasira yao, lakini nadhani ni kosa. Tukifunga, atakayekosa si kampuni, maana yeye ana mengine mengi. Atakayekosa ni yule dada wa Ndola. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililofichwa kabatini halina tofauti kubwa na daftari lisilokuwepo: mchwa watalisoma kabla ya wajukuu.

Wapo pia wanaotetea kampuni, na hoja zao zina uzito. Wanasema kampuni hizi hupiga picha nyaraka zilizokuwa zikioza, hulipa mashine na wafanyakazi, na huhifadhi vitu ambavyo watu wa kujitolea huviacha. Ni kweli. Mwezi Oktoba 2009 GeoCities ilifungwa, na kurasa nyingi za familia zilizokuwa zimewekwa pale bure zilikwenda nayo, isipokuwa zile zilizookolewa na watu waliowahi kuzinakili. Mtu wa kujitolea huchoka, huugua, hufa. Ni haki pia kusema kwamba si kila tovuti inayonunuliwa hufungwa: Find a Grave ilinunuliwa na Ancestry mwaka 2013 na bado inasomwa bila malipo. Lakini tangu siku ile, ibaki bure au isibaki ni uamuzi wa mwenye mali, si wa waliopiga picha makaburi. Na mwenye mali naye hubadilika. Mwaka 2020 Ancestry yenyewe ilinunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya Blackstone kwa dola bilioni 4.7. Waliofanya kazi ya kunakili hawakuwa mezani.

Hapo ndipo ninapotaka tutofautishe mambo mawili ambayo mara nyingi tunayachanganya: kuuza na kuzungushia ua. Mtu akichota maji kwenye kisima cha kijiji, akayachemsha, akayapeleka sokoni, sina ugomvi naye. Ameongeza kazi yake, na kisima kiko palepale kwa mwingine. Mtu akizungushia kisima ua, huyo ametuondolea kitu. Kampuni ikichukua majina yetu, ikayapanga vizuri zaidi, ikatengeneza kitabu na kukiuza, huku ikisema yametoka wapi na ukurasa wa bure ukibaki wazi, kwangu si wizi. Kinachoniuma ni nakala isiyotaja chanzo, isiyopokea marekebisho, na inayomfanya anayetafuta aamini kwamba mlango ni ule mmoja tu wa kulipia.

Kama tatizo ni ua na si mauzo, dawa nayo inabadilika. Tangu mwaka 2002 kuna leseni za Creative Commons, ambazo mtu yeyote anaweza kuziandika chini ya kazi yake. Moja inakataza matumizi ya biashara. Nyingine inaruhusu hata biashara, mradi anayechukua ataje chanzo na aiache kazi aliyoitengeneza ikiwa wazi kwa masharti yaleyale. Wengi hukimbilia ile ya kwanza. Mimi naipendelea ya pili, kwa sababu ile ya kwanza humzuia pia mwenye duka dogo la kuchapa pale karibu na chuo, anayetaka kuwauzia jamaa kijitabu cha ukoo kwa bei ya karatasi. Najua leseni hizi zote hulinda maandishi yetu, maelezo yetu na mpangilio wetu. Haziwezi kulinda jina tupu, kwa sababu niliyoeleza. Lakini ndiyo sababu ya kutoweka majina matupu. Nasaba yenye maelezo ya nani alisimulia, kwa maneno gani na katika lugha gani, inakuwa kazi yenye mtunzi.

Wamaori wa New Zealand wamekwenda mbali zaidi. Redio yao ya Te Hiku Media ilikusanya mamia ya saa za sauti za wasemaji, ikakataa kuzikabidhi kwa kampuni kubwa, na ikaandika leseni yake yenyewe iliyopewa jina la *kaitiakitanga*, yaani ulinzi wa kitu ulichokabidhiwa. Wanasema wao si wamiliki wa sauti zile bali ni walinzi wake, na kila anayetaka kuzitumia hana budi kueleza zitawafaidi vipi waliozitoa. Sidhani kwamba wazo hilo ni geni kwetu. Kwa Waluba, wanachama wa Mbudye walisoma historia ya wafalme kwenye *lukasa*, ubao wa mkononi wenye shanga na simbi. Si kila mtu aliruhusiwa kuusoma: mtu alifundishwa kwanza, akawajibika kwa alichokisema. Leo mbao hizo nyingi ziko katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Ubao unaonekana vizuri nyuma ya kioo. Msomaji wake hayupo. Nasaba iliyonakiliwa bila msimulizi wake iko katika hali hiyohiyo.

Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, tujitazame. Sisi wanafunzi tunakwenda vijijini na simu zetu, tunarekodi wazee kwa saa nzima, tunawaachia sabuni na sukari, kisha tunarudi kuandika memwari na kupata shahada. Ni wangapi kati yetu wamerudisha nakala? Mimi mwenyewe sikumweleza mjomba wangu vizuri maana ya kuweka kitu kwenye intaneti. Nilimwambia, "Jamaa wataona." Sikumwambia, "Na kila mtu mwingine duniani ataona, na anaweza kuchukua." Ruhusa aliyonipa ilikuwa ya jambo alilolijua, nami nikaitumia kwa jambo asilolijua. Kampuni ile ilichukua kwangu bila kuuliza. Mimi niliuliza nusu. Tofauti ipo, lakini si kubwa kama ningependa.

Basi napendekeza mambo manne ambayo fakulte yetu inaweza kuyafanya bila kungoja bajeti kutoka Kinshasa.

Kwanza, kila memwari au kazi ya darasa inayokusanya nasaba au masimulizi iwe na ukurasa mmoja wa ruhusa, usomwe kwa sauti katika lugha ya msimulizi na urekodiwe. Useme wazi: hii itawekwa wapi, nani ataisoma, na unaweza kuiondoa. Majina ya walio hai yasiwekwe hadharani kabisa.

Pili, kila tunachokiweka kwenye intaneti kiwe na tamko fupi la leseni, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili: chukua, taja chanzo, acha wazi, na ukichukua rudi uone kama tumesahihisha. Kila marekebisho yapewe tarehe. Kama sisi tungekuwa tumeandika "toleo la kwanza, halijathibitishwa na wazee", hata nakala ya kampuni ingebeba onyo hilo.

Tatu, nakala tatu: moja kwenye ukurasa wa wazi, moja kwenye maktaba ya fakulte, na moja iliyochapwa irudi kwa familia. Ile ya tatu ndiyo muhimu kuliko zote. Karatasi iliyo mkononi mwa mzee haihitaji mega wala kadi ya benki, na siku ya mabishano itasimama mbele ya karatasi ya kampuni.

Nne, ukurasa wa mwanafunzi mmoja usiwe wa mwanafunzi mmoja. Uwe chini ya jina la fakulte, na mwalimu mmoja awe na jukumu la kujibu barua na kuziandika. Mwanafunzi humaliza akaondoka, fakulte hubaki. Watu wa 2007 walisikilizwa kwa sababu walikuwa wengi. Kampuni isiyomjibu kijana wa miaka ishirini na minne itafikiri mara mbili kabla ya kuinyamazia barua yenye mhuri wa chuo kikuu.

Kuna watakaosema haya yote hayatamzuia anayetaka kuchukua. Ni kweli, hayatamzuia. Mlango wa nyumba nao haumzuii mwizi aliyedhamiria, lakini hakuna anayejenga nyumba bila mlango. Masharti yanafanya kazi nyingine: yanamwambia mtu mwaminifu afanye nini, yanampa aliyedhulumiwa mahali pa kuanzia, na yanamwezesha mzee kujua ni nani wa kumwendea.

Mwezi uliopita niliupeleka Kasenga ukoo wetu uliochapwa, kurasa kumi na moja, na yule bibi amerudishwa mahali pake. Mjomba aliusoma wote kwa kidole, mstari kwa mstari, kwa zaidi ya saa moja. Alipata makosa mengine mawili. Tumeyasahihisha kwenye ukurasa wetu, na tarehe tumeiweka. Kwenye tovuti ya kampuni bibi yetu bado ni mwanamume, na kumwona ni kwa dola.